Mboga za Katekista

Kila mtu alimwita Katekista. Wamoraviani wa ng'ambo ya barabara walimwita hivyo, mwenye duka aliyeswali msikitini alimwita hivyo, na hata mkewe, enzi za uhai wake, alimwita hivyo hivyo mbele ya watu. Jina lake la ubatizo nililisikia mara ya kwanza likiitwa hospitalini, nikageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Nimekaa jirani naye tangu nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi ya kijiji chetu, upande wa Isikizya. Ua wangu na wake unatenganishwa na minyaa tu. Akikohoa nasikia. Nikiunguza wali ananusa, na hakuwa mtu wa kunyamazia wali ulioungua. "Mwalimu," angeniita kutoka upande wake, "leo unatoa kafara?"

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi shingoni hata katika jua la Oktoba. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Wageni waliokuja kusali kwetu kwa mara ya kwanza walikuwa wakitafuta kwa macho mtu mnene aliyekuwa akiimba. Alitembea na fimbo, na watoto wa komunyo ya kwanza walidhani ni ya kuwachapia. Sijamwona akiiinua isipokuwa kufukuza mbuzi wa kijiji, ambao kwa sababu wanayoijua wenyewe walipenda kulala mbele ya altare.

Alihubiri subira maisha yake yote na hakuwa nayo. Hakuweza kusubiri maharage yaive. "Mungu hana haraka," alikuwa akisema, "lakini mimi nina njaa." Aliyala yakiwa magumu, halafu jioni akalalamikia tumbo. Kwenye misiba alichekesha watu. Alisimama kaburini akasimulia jinsi marehemu alivyowahi kuanguka kisimani na kuku wake mkononi, na wafiwa wakacheka huku wanalia, wengine wakakasirika. Kwenye harusi, ambako ndiko watu walitaka acheke, yeye alilia. Nilimuuliza sababu. Akaniambia, "Aliyekufa amemaliza, binti yangu. Hawa ndio kwanza wanaanza."

Macho yake yalikuwa yameanza kufa, na hilo hakutaka lijulikane. Alikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Jumapili ambazo padre hakufika, yeye ndiye aliyeongoza ibada, na alishika kitabu wazi mikononi kana kwamba anasoma. Hakuwa anasoma. Masomo yote aliyajua kwa moyo. Niligundua siku moja alipofika mwisho wa somo refu bila kufunua ukurasa hata mmoja. Nilipomwambia kuna madaktari wa macho wanakuja Tabora mjini, akasema macho yake yanatosha kuona anachotakiwa kuona. Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia. Alikuwa na namna ya kufunga mazungumzo kama mtu anayefunga dirisha upepo ukianza.

Mkewe alipofariki, akina mama wa jumuiya walipanga zamu ya kumpelekea chakula. Aliwashukuru, akawarudisha. "Mkinipikia kwa zamu nitakuwa mgeni ndani ya nyumba yangu," aliwaambia. Akajifunza kupika uzeeni. Wanaume wenzake walimcheka walipomkuta na ungo, anachambua mboga kibarazani. Yeye hakujali. Mvua za kwanza zikinyesha alikwenda kwenye boma la zamani la ng'ombe, nyuma ya shule, lililoachwa na wafugaji waliohamia upande wa Usinge. Mahali pale mbolea imelala miaka mingi, na mchicha wa porini huota wenyewe, mnene, hadi magotini. Alichuma, akarudi na ungo umejaa, shati limefungwa hadi shingoni.

Mtu mmoja tu hakuweza kumrudisha. Huyo alikuwa Mama Kulwa, dada wa marehemu mkewe, mjane, ambaye nyumba yake iliangaliana na ya Katekista. Mama Kulwa hakuomba ruhusa. Alikuja na bakuli la uji wa ulezi karibu kila alasiri, akaliweka juu ya kigoda, akaondoka. Waligombana kila siku, ugomvi wa shemeji na shemeji.

"Shemeji, uji wako una mabonge."

"Meno si unayo? Tafuna."

"Dada yako hakuwahi kunipa uji wenye mabonge."

"Ndiyo maana ulimchosha mapema."

Mtu mwingine angedhani wanachukiana. Lakini Mama Kulwa alipougua malaria, Katekista alikaa nje ya mlango wake tangu asubuhi, na kila mpita njia alimwagiza dawa ileile, hadi zikafika pakiti za kumtosha kila mtu pale kijijini.

Kuna jambo moja lazima nilieleze vizuri, maana bila hilo yaliyofuata hayatapata uzito wake. Katekista alichukia habari za uchawi. Hakuzichukia kwa kuzicheka, kama wafanyavyo watu wa mjini. Alizichukia kama mtu aliyewahi kuzika waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na alikuwa amewazika. Wakati fulani vijana walianza kumwandama bibi mmoja wa mwisho wa kijiji kwa kuwa macho yake yalikuwa mekundu. Katekista aliwakusanya, akawaambia anawapeleka kwa mchawi. Wakafuata. Akawaingiza jikoni kwa yule bibi, kijumba kisicho na dirisha, akamwambia bibi akoleze kuni mbichi, akafunga mlango na yeye mwenyewe akiwa ndani. Walipotoka wote walikuwa wanatokwa machozi na macho yao mekundu kama pilipili. "Haya," akawaambia huku anakohoa, "tumalizane. Tuanze na nani?" Hakuna aliyemgusa bibi yule tena, na vijana wale wale walimtobolea dirisha. Katekista alikuwa na msemo wake: "Kabla hujamwita mtu mchawi, mwite kwanza kwa jina lake."

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, baada ya mvua za kwanza. Asubuhi aliniletea shuleni wimbo wa Noeli wa watoto, beti zote kichwani, akawafundisha sauti mbili bila kukosea. Mchana alipika ugali na mboga aliyoichuma bomani. Niliinusa nikiwa kwangu. Alasiri Mama Kulwa akavuka njia na bakuli lake, kama siku zote. Nilimwona akiliweka na kuondoka.

Baada ya muda si mrefu nilisikia Katekista anaongea. Nilidhani ana mgeni. Nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati ya ua, vifungo vya shati vimefunguliwa vyote, anaongea na mkewe. Alimwuliza kwa nini ameacha mlango wazi. Vidole vyake vilikuwa vinavuta kitu hewani, kama mtu anayetoa nyuzi kwenye nguo. Nikamsalimia, "Shikamoo, Katekista." Hakuitikia. Alitoka hadi njiani akipepesuka, na njiani kulikuwa na watu wengi, kwa kuwa ndio wakati wa foleni ya maji bombani.

Mama Kulwa alitoka mbio kwake. "Shemeji, una nini?"

Alimtazama. Macho yake yalikuwa meusi kabisa, mboni zimepanuka hadi rangi ya jicho haionekani. Akamwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo sisi hatukuwahi kulisikia likitajwa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile nzito iliyozoea kujaza kanisa: "Umeniwekea nini? Toa nyoka wako mwilini mwangu. Mchawi wewe. Ulianza na dada yako, sasa umekuja kwangu."

Nakumbuka ndoo iliyokuwa bombani ikafurika na hakuna aliyeiondoa.

Bakuli la uji lilikuwa bado juu ya kigoda, limebaki nusu, na kila mtu aliliona.

Tulimpandisha kwenye gari la mwenye duka kwenda hospitali. Njia nzima alipambana na vitu asivyoviona mtu mwingine. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu kama kigae, na midomo imekauka hadi maneno yakawa yanakwaruza. Nilimshika mkono. Watu huniuliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Kuna sehemu ndani yangu ilikufa ganzi pale bombani, kama mguu uliokaliwa vibaya, na hadi leo haijaamka vizuri.

Mapokezi walikuwa na majibu kabla ya maswali. Mmoja akasema malaria imepanda kichwani. Kipimo hakikuonyesha malaria. Mwanawe mkubwa, nilipompigia simu Dar es Salaam, alipumua kwa muda mrefu kisha akasema, "Mwalimu, mzee ameshazeeka. Tulijua siku hii itakuja. Ni ugonjwa wa kusahau." Mwenye duka, aliyetuleta, hakuulizwa, lakini nilijua jibu lake. Lilikuwa ndilo jibu la kijiji kizima.

Daktari alikuwa binti mdogo, koti lake kubwa kuliko yeye. Alimmulika Katekista machoni, akamgusa kwapani, akamminya tumbo chini ya kitovu, akaagiza awekewe mpira wa mkojo mara moja kwa kuwa kibofu kimejaa na hakiwezi kutoa mkojo chenyewe. Kisha akanigeukia.

"Jana alikuwaje?"

"Mzima."

"Mzima kwa kiasi gani?"

"Leo asubuhi tu amefundisha watoto wimbo. Beti zote."

"Basi huu si uzee," akasema. "Uzee hauji kati ya asubuhi na alasiri. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kuna kitu kimemwingia au kuna kitu kinaumwa ndani. Amekula nini?"

Nikamtajia uji, maana ndio uliokuwa midomoni mwa watu. Akauliza kabla ya uji. Nikakumbuka harufu ya mboga. Akaniambia niende nikalete kilichobaki, cha kwenye sufuria na kisichopikwa, na uji pia.

Nilirudi kwa bodaboda. Ungo wake ulikuwa kibarazani, na majani aliyoyabakiza kwa ajili ya kesho. Niliubeba kama ulivyo, pamoja na sufuria na bakuli la uji. Daktari aliyamwaga majani mezani, akaanza kuyatenga kwa kalamu. Mchicha huku. Mchicha huku. Kisha majani mengine, mapana zaidi, yenye kingo za kukatika-katika, akayasogeza pembeni, yakawa rundo. Akasugua moja, akanipa ninuse. Lilinuka vibaya.

"Unaujua?"

Niliujua. Sote tunaujua. Ni ule mmea wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda la miiba ambalo watoto hurushiana. Wengine huuita mnanaha. Lakini ukiwa mchanga, kabla ya ua na kabla ya tunda, na umeota katikati ya mchicha, na macho ya anayechuma yana ukungu, ni jani tu miongoni mwa majani.

"Ndio huu," daktari akasema. "Homa, ukavu, macho, mkojo, kuona wasiokuwapo. Vyote ni huu. Uji hauna kosa."

Walimtundikia maji, wakampa dawa ya kumtuliza, wakafunga pazia kwa kuwa mwanga ulimuumiza. Nilikaa naye. Siku ya pili bado alikuwa anakunja shuka na kumwagiza mkewe afunge mlango. Iliyofuata, asubuhi, alinitazama akasema, "Mwalimu, mbona hujaenda kazini?" Nikajua amerudi.

Hakukumbuka kitu. Alikumbuka kuosha sahani ya ugali, basi.

Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia yote, na maneno yake nikayarudia kama yalivyotoka, kwa kuwa angeyasikia kwa wengine yakiwa yameongezwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilimwita kwa jina?" akauliza.

"Ndiyo."

Akageuza uso ukutani.

Tuliporudi, nyumba ya Mama Kulwa ilikuwa na kufuli. Usiku ule ule tulioondoka vijana walirusha mawe juu ya bati lake, na asubuhi alikuta kuku wake wote wamechinjwa na kuachwa mlangoni. Mwenyekiti wa kijiji alisema atafuatilia. Kulwa, mwanawe, alikuja na pikipiki kutoka Ziba akamchukua mama yake na godoro moja. Baadhi ya vijana waliorusha mawe walikuwa wale wale waliowahi kukaa jikoni kwa yule bibi hadi macho yakawa mekundu. Nilimuuliza mmoja wao. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Lakini Mwalimu, safari hii amesema Katekista mwenyewe."

Jumapili Katekista alisimama mbele. Hakufungua kitabu. Aliinua tawi la mnanaha nililomchumia, akaeleza kwamba majani yale aliyachuma kwa mikono yake, akayapika mwenyewe, akayala mwenyewe, kwa sababu hakuona na hakutaka kukiri kwamba haoni. Akasema shemeji yake hana hatia, na kwamba maneno aliyoyasema hayakuwa yake bali ya sumu. Akarudia mara ya pili kwa Kinyamwezi ili wazee waelewe vizuri. Watu wakasema Amina. Akina mama wengine walilia. Siku ile jioni mwanamke mmoja aliniambia bombani, "Umeona Mama Kulwa alivyomfunga? Hata kukumbuka hakumbuki. Anamtetea."

Nilimfikishia maneno hayo pia. Nilikuwa nimezoea kumpelekea. Alikuwa anaosha bakuli. Alilisuuza mara ya pili, kisha akasema, "Nilipowaambia uongo waliamini, kwa kuwa hawakujua kama nimelewa sumu. Sasa niko na akili zangu, wanasema nimerogwa." Akalifudikiza bakuli juu ya kigoda.

Alimpigia Mama Kulwa simu mara nyingi kupitia kwa Kulwa. Kulwa alimjibu kwa heshima kwamba mama hataki kushika simu. Kisha habari nyingine zikaja: mtu wa kwetu aliyekwenda mnadani Ziba alikuwa amesambaza kule kwamba yeye ni mchawi. Mama Kulwa alikuwa ameanza kutengwa kisimani. Watoto walikuwa wanakatazwa kupita uani kwake.

Katekista alikwenda kwa padre, akaomba apumzishwe utumishi. Akakubali kupasuliwa macho, jambo ambalo nilikuwa nimemwomba miaka mingi. Baada ya macho kupona akafunga nyumba, akanipa funguo, akapanda basi. Sikumuuliza anakwenda wapi. Aliniambia tu kwamba kwenye minyaa upande wake kuna tawi linaegemea kwangu, nilikate.

Likizo ya shule iliyofuata nilikwenda Ziba. Nilimkuta kanisani, Jumapili, kigango kidogo cha udongo chenye viti vya matofali. Mtu mwingine aliongoza ibada, kijana mwenye sauti nyembamba iliyopotea kwenye wimbo wa pili. Katekista alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, haimbi kwa nguvu. Mama Kulwa alikuwa safu moja mbele yake, peke yake, pembeni yake pamewekwa nafasi ambayo watu wawili wangetosha.

Nikakaa karibu na Katekista. "Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Umefika."

Baada ya ibada, watu walipokuwa wanatoka, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwa Kulwa. Anachota maji kisima kile kile, saa ile ile anayochota Mama Kulwa. Akiulizwa anatoka wapi, anasema. Akiulizwa yeye ni nani, anasema ndiye yule mzee anayedaiwa kurogwa, na huyu hapa mbele ndiye wanayesema kamroga, wamtazame vizuri yeye mzee kama ana dalili yoyote ya kurogwa.

"Wanaamini?"

"Wengine wameanza kuchota naye."

"Na yeye? Mmezungumza?"

"Nilikwenda siku ya kwanza, nikapiga magoti uani. Akaniambia, 'Nimekusikia,' akaingia ndani. Hajanisemesha tangu siku hiyo." Alikuwa anamtazama mgongoni kwa macho yake mapya. "Hanidai maneno. Alinitazama usoni siku ile ya bombani, akaniona mimi. Sumu hakuiona."

Nikamuuliza atarudi lini nyumbani. Akaonekana hakuelewa swali.

Mama Kulwa aliinuka wa mwisho. Alikuwa amekonda. Alijifunga kanga vizuri, akaja kuelekea mlangoni, ambako miguu mirefu ya Katekista ilikuwa imeziba njia. Akasimama. Alinitazama mimi kwanza, akanipa mkono, akaniuliza habari za shule. Nikamwambia nzuri. Kisha akatazama chini.

"Nipishe," akasema.

Katekista akavuta miguu. Mama Kulwa akapita, akatoka juani.

Kanisa likabaki tupu. Mbuzi mmoja alichungulia mlangoni, hakuna aliyemfukuza. Katekista alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia," nikamwambia.